Kuveze ya Bei Ndogo: Hesabu Masaa 504 Mbele ya Kununua



Mara mingi swali linakuja namna hii. Kijana wetu amekaa miezi sita kwenye mashimo ya kasiteriti upande wa Manono. Amepata franga kidogo. Amesikia kwamba mjini kuna mashine ndogo za kuangulia mayai, zile ambazo watu wanaita kuveze, na bei yake haipiti nguvu zake. Anakuja, anakaa, ananiambia: «Pasta, nataka kumutumia mama kuveze kule Ankoro. Anachoka na kazi ya shamba. Ni mashini gani ya muzuri?»

Hilo ni swali jema. Kijana anayemfikiri mama yake mbele ya kununua simu mpya ni baraka kwa jamaa yake. Lakini mimi namjibu kwa swali lingine: «Mama yako atapata wapi moto wa masaa 504?»

Ananiangalia kama mtu asiyesikia vizuri. Basi tunapiga hesabu pamoja. Yai la kuku linaomba siku 21. Siku moja ina masaa 24. Zidisha 21 kwa 24, utapata 504. Katika masaa yale yote, mchana na usiku, wakati wa mvua na wakati wa matanga, yai linataka joto lisilopanda sana na lisiloshuka sana. Mashine ni sanduku tu. Kinachoangua mayai ni moto ulio ndani yake.

Mimi mwenyewe nililipa masomo haya. Miaka iliyopita nilitengeneza sanduku la mbao lenye taa mbili za petroli, nikaweka mayai 60. Kati yake 20 yalikuwa ya mjane mmoja, jirani yetu, aliyekuwa anatafuta franga za masomo ya mtoto wake. Siku 15 zote zilikwenda vizuri. Siku ya 16 niliitwa kwa matanga ng'ambo ya mto. Nyumbani petroli ilipungua, na mke wangu alipotuma mtoto dukani, petroli haikuwako. Taa zilizimika usiku ule, na siku iliyofuata pia. Tulingoja mpaka siku ya 24. Tulipovunja mayai tuliona vifaranga vyenye manyoya, vimekufa ndani. Mke wangu hakusema neno, aliyazika nyuma ya nyumba. Mjane naye aliniambia: «Baba, sanduku haikukosa kitu. Ni petroli ndiyo iliisha.»

Alisema kweli. Kwa hiyo leo siandiki ili nikukataze. Naandika ili mama yako asizike mayai.

Mama-kuku anafanya nini?

Mbele ya kuchagua mashine, umwangalie mwalimu wake. Kuku wetu wa kienyeji analalia mayai 10 mpaka 13 hivi. Anayapa joto la mwili wake. Anayageuza mara nyingi kila siku kwa mdomo na miguu. Mara moja kwa siku anatoka haraka kula na kunywa, kisha anarudi. Kazi hizo tatu, yaani joto, kugeuza na hewa safi, ndizo kuveze inapaswa kufanya. Ya nne ni maji: hewa ya ndani isikauke sana.

Kwa mashine yenye kipepeo kinachotembeza hewa, joto liwe kati ya 37,5 na 37,8. Kwa sanduku lisilo na kipepeo, joto la juu linapita la chini, kwa hiyo upime pa kimo cha juu ya mayai, na hapo liwe karibu 38,5 mpaka 39. Ujue tena neno hili: moto kupita kiasi unaua haraka kuliko baridi. Joto likishuka saa moja au mbili, mtoto ndani ya yai anaweza kupona, akachelewa tu kutoka. Lakini likipita 40 na kukaa hapo, hesabu yako imekwisha.

Mayai yenyewe yatatoka wapi?

Hapa watu wengi wanaanguka. Kijana ananunua mashine ya mayai 56, anafurahi, kisha mama hana mayai ya kuweka ndani. Ndipo wanakwenda sokoni kununua plato mbili za mayai makubwa. Usifanye vile! Katika miji yetu ya migodi, kama Lubumbashi na Likasi, mayai mengi ya plato yanatoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Ni mayai ya kula. Kuku waliyoyataga kwa kawaida hawakai na jogoo, na yai lisilo la jogoo halitoi kifaranga hata ukililalia mwaka mzima.

Yai la kuangua lisipite siku 7 tokea kutagwa. Likifika siku 10, nguvu yake imepungua. Liwekwe mahali pa baridi na kivuli, ncha nyembamba ikitazama chini. Usilioshe, kwa sababu maji yanaondoa ngozi nyembamba inayozuia uchafu kuingia. Acha yale yenye ufa, yale madogo mno, na yale makubwa mno.

Sasa piga hesabu. Mayai 56 kwa siku 7 ni mayai 8 kila siku. Kuku wa kienyeji anayetaga vizuri anatoa yai moja karibu kila siku mbili. Basi unahitaji kuku 16 wanaotaga kwa wakati mmoja, pamoja na majogoo 2, maana jogoo mmoja anatosha kuku 10 hivi. Je, mama yako ana kuku 16 wanaotaga? Kama ana kuku 5, mashine ya mayai 56 ni shati kubwa kwa mtoto mdogo. Aanze kwa kuongeza kuku.

Moto wa namna tatu

1. Umeme wa mji. Wewe unayekaa Kolwezi au Likasi na umeme unafika nyumbani, mashine ndogo za frigoliti, zile nyeupe na nyepesi, zinaweza kukufaa. Bei yake ni ndogo na frigoliti inatunza joto. Lakini umeme wetu unakatika. Kwa hiyo utafute mashine inayokubali pia batri ya volti 12, ili umeme ukikatika batri ipokee kazi. Umeme ukikatika na huna batri, usifungue kifuniko kuchungulia. Funika mashine na blanketi, bila kuziba matundu ya hewa, na ungoje.

2. Nguvu ya jua. Kwa Ankoro na vijiji vingi, watu wanasema: «Tutaweka pano, basi.» Ni vema, lakini tuhesabu. Soma karatasi iliyo nyuma ya mashine. Tuseme imeandikwa wati 80. Ile waya ya moto haiwaki wakati wote: inawaka, inazimika, inawaka tena. Tuseme inawaka nusu ya wakati. Hiyo ni wati 40 kwa kila saa, mara 24, karibu wati-saa 960 kwa siku. Batri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba 1200, lakini ukitumia zaidi ya nusu kila usiku itakufa mapema. Nusu ni 600. Usiku wa masaa 12 unakula 480. Basi batri moja inavuka usiku mmoja, haivuki usiku mmoja pamoja na mchana wa mawingu. Na pano inapaswa kurudisha zile 960 wakati jua ni kali, labda masaa 5. Hiyo inaomba wati 200 za pano bila kupoteza kitu. Kwa sababu mengine yanapotea njiani, weka 300. Sasa unaona: mashine ni bei ndogo, lakini moto wake unaweza kupita bei ya mashine yenyewe. Kama nyumbani kuna pano kubwa na batri kwa kazi nyingine, hapo kuveze ya jua ina maana.

3. Taa ya petroli. Usifikiri kwamba kuangua mayai bila kuku kulianza na umeme. Watu wa Misri walikuwa wakifanya kazi hii zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Walijenga nyumba za matofali ya udongo zenye vyumba vidogo, wakachoma majani makavu na mavi ya wanyama yaliyokauka, na moto wa polepole ukapasha mayai elfu nyingi. Hawakuwa na kipima-joto. Mfanyakazi alichukua yai akaliweka juu ya kope la jicho lake, na ngozi ile nyembamba ilimwambia kama joto limezidi au limepungua. Mfaransa Réaumur aliandika habari zao katika kitabu chake cha 1749. Siri yao ilikuwa moto usioachwa peke yake: walikuwako watu wa kuuangalia mchana na usiku.

Basi sanduku la petroli linaweza kufanya kazi hata leo. Likiwa na kuta mbili za mbao, na katikati zimejazwa vumbi la mbao au maganda ya mpunga, linakula petroli kidogo. Taa ikae nje ya chumba cha mayai, na joto lake lipite kwa bomba la bati, moshi utoke nje. Moshi ukiingia kwenye mayai, watoto wanakufa kabla ya kuzaliwa.

Mbele ya kuamua, pima petroli. Jaza taa kwa chupa ndogo, iwashe tokea saa 12 ya jioni mpaka saa 12 ya asubuhi, kisha uangalie imekula kiasi gani. Hayo ni masaa 12. Zidisha kwa 42, utapata petroli ya masaa 504. Kama taa ni mbili, zidisha tena kwa 2. Petroli hiyo yote iwe ndani ya nyumba MBELE ya kuweka yai la kwanza. Ningalifanya vile, mayai ya mjane yangalipona.

Na onyo moja kwa wazazi. Watu wengine wanaweka mbabula ya makala ndani ya chumba ili kusaidia joto, na watoto wanalala pale pale. Hapana, hata usiku mmoja! Makala yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Taa ya petroli nayo isiwe karibu na pazia, nyasi au kitanda. Kifaranga hakilipi roho ya mtoto.

Ukifika dukani

Usivutwe na taa nyekundu na namba zinazong'aa. Uliza maneno haya.

Je, inakubali volti 12, au umeme wa mji tu? Je, termostati, ile sehemu inayozima na kuwasha moto, inauzwa peke yake? Nunua moja ya akiba palepale, kwa sababu ikiharibika Ankoro hakuna pa kuipata, na siku za mashua juu ya Lualaba ni nyingi kuliko siku ambazo yai linaweza kungoja. Je, inageuza mayai yenyewe, au ni kwa mkono? Kwa mkono siyo mbaya, na bei inashuka. Andika alama ya X upande mmoja na O upande mwingine kwa kalamu ya mti, na ugeuze mara 3 au 5 kwa siku, ili usiku mrefu usilalie upande uleule kila siku. Je, kifuniko kinafunga vizuri? Je, kuna dirisha dogo la kuangalia bila kufungua?

Ukifika nyumbani, iwashe siku mbili nzima bila yai. Usiamini namba yake tu. Chukua kipima-joto cha homa, kile cha muganga, weka pamoja na kipima-joto cha mashine katika maji ya moto kidogo, karibu 38. Kama vinasema namba mbili, amini kile cha muganga, na uandike tofauti juu ya kifuniko. Mashine ya namba zake tu, ukiiweka kwenye kamera, haipikii ugali. Mashine iliyobebwa juu ya pikipiki kwa barabara zetu imepigwapigwa, na tofauti ya digrii moja tu inatosha kuharibu kazi yote.

Siku ya 7, usiku, shika yai mbele ya tochi. Ukiona mishipa midogo ya damu kama mizizi, liko hai. Likiwa wazi kama maji, litoe. Tokea siku ya 18 acha kugeuza, ongeza maji ndani ya sahani, na usifungue tena. Vifaranga vikianza kulia, mikono itakuwasha. Vumilia. Kifaranga kinatoka na chakula cha kiini ndani ya tumbo, kinaweza kukaa siku mbili bila kula.

Kuveze isiyouzwa dukani

Sasa kwa jamaa ambayo hesabu imekataa: huna umeme, huna pano kubwa, petroli ni ya shida. Usikate tamaa. Kuku wako ni kuveze, na moto wake hauzimiki.

Ukiona kuku wa kwanza anataka kulalia, mpe mayai mawili matatu ya bure ya kumshika kwenye kiota, na ungoje wa pili na wa tatu. Wakifika watatu au wanne, waondolee yale ya bure usiku, na uwape wote mayai mazuri kwa siku moja, 12 kwa kila mmoja. Kuku wanne ni mayai 48, karibu sawa na mashine ile ndogo, bila tone la petroli. Bata mwenye uso mwekundu anazoea kulalia mayai yake siku 35, kwa hiyo siku 21 za mayai ya kuku hazimchoshi, na mwili wake mkubwa unafunika mengi zaidi.

Vikianguliwa, wape kuku wawili vifaranga vyote, na wale wengine watenge mbali. Baada ya majuma machache watarudi kutaga. Kumbe kuku anayelea vifaranga vyake mwenyewe anakaa miezi miwili au mitatu bila yai. Hapo ndipo faida imejificha.

Na kama jamaa kadhaa zinataka mashine kweli, mnunue moja pamoja, ikae katika nyumba yenye moto wa hakika, na muandike zamu za usiku. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kutoka ndani ya yai siyo mwisho

Kifaranga cha juma la kwanza kinataka joto la digrii 32 mpaka 35, kisha unapunguza kama digrii 3 kila juma. Vikijikusanya pamoja na kulia, ni baridi. Vikikimbia mbali na moto na kufungua mdomo, ni joto. Vipe mahindi yaliyosagwa, mchwa, na unga wa ndagala. Maji safi kila siku, katika chombo ambacho havitazama.

Tena kuna ule ugonjwa wa kuku unaoitwa Newcastle, wengine wanasema kideri, unaofagia kijiji kizima kwa juma moja. Kuna dawa ya chanjo inayoitwa I-2, inayovumilia joto la safari kuliko chanjo nyingine, na inawekwa tone moja ndani ya jicho. Inarudiwa kila miezi 3 au 4. Muulize veterinere wa karibu mbele ya kuangua, siyo wakati kuku wanaanza kulala.

Mwisho, kijana wetu wa mgodi: hesabu kwa vifaranga, siyo kwa mashine. Tuseme umeweka mayai 50. Labda 40 yana uhai. Labda 30 yanatoka. Labda 24 wanafika mwezi mmoja. Chukua gharama yote, yaani mayai, moto, chakula na chanjo, uigawanye kwa 24. Kama kila kifaranga kimekula zaidi ya bei yake sokoni, mpelekee mama jogoo mzuri, kuku sita, bati za nyumba ya kuku na franga za chanjo. Mwaka kesho, kuku wakiwa wengi, mtazungumza juu ya kuveze.

Yule kijana aliyeniuliza alikaa kimya, akapiga hesabu juu ya kiganja chake kwa kidole. Kisha akasema: «Pasta, kumbe nilitaka kumutumia mama kazi ya usiku.» Alituma kuku na jogoo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni

1. Nyumbani kwetu moto gani hauzimiki kwa siku 21, na nani ataamka usiku kuuangalia?

2. Tuna kuku wangapi wanaotaga sasa, na jogoo ni wangapi?

3. Kama tukinunua pamoja na majirani, mayai ya mjane na mayai ya tajiri yatatunzwa sawasawa?